Jiwe la Juu

Somo: Kumbukumbu la Torati 24:6, na mistari ya 10 hadi 13

 

Leo twataka kufikiri pamoja juu ya chombo kimoja cha jikoni. Si chombo cha thamani sokoni. Hakina pambo wala mng'ao. Ni jiwe la kusagia. Labda mtu atauliza, Je, liko neno gani la Mungu katika jiwe la kusagia? Ndugu zetu, neno liko, tena ni zito kama jiwe lenyewe.

Katika somo letu Musa awakataza wana wa Israeli wasitwae mawe ya kusagia kuwa rehani ya deni, hata lile jiwe la juu peke yake. Naye atoa sababu: mtu akifanya hivyo, ameuweka rehani uhai wa mwenzake. Angalieni vema. Musa hasemi ya kwamba mtu huyo ametwaa mali, wala hasemi ametwaa chombo. Asema ametwaa uhai. Mbona jiwe liitwe uhai? Ili tupate jibu, hatuna budi kulijua kwanza jiwe lenyewe.

Jiwe la kusagia, ambalo Waswahili wa pwani huliita kijaa, kwa kweli ni mawe mawili. La chini ni kubwa na zito, nalo hukaa mahali pake siku zote. La juu ni dogo, laweza kushikwa kwa mikono miwili. Katika jiwe la zamani kabisa, mwenye kusaga hupiga magoti, hutia nafaka konzi moja, kisha hulisukuma jiwe la juu mbele na kulirudisha nyuma, akilielemea kwa uzito wa mwili wake. Nafaka hupondeka ikawa chenga, na chenga zikawa unga. Miaka ikipita, jiwe la chini hubonyea katikati kama tandiko la farasi. Tena jiwe likitumika sana hulainika, na jiwe laini halisagi, huteleza tu juu ya nafaka. Ndipo mwenye jiwe hutafuta jiwe jingine gumu, akaugonga-gonga uso wake polepole mpaka likwaruze tena. Wazee wetu hapa Kenya, walioishi kwa wimbi, mtama na mawele, waliijua sana kazi hiyo. Wengi wenu mnaotusikiliza mliyaona mawe hayo nyumbani kwa nyanya zenu, na wengine wenu mliyatumia.

Chombo hiki ni cha kale kuliko miji yote na falme zote. Mwaka wa 1989 maji ya Bahari ya Galilaya yalipungua sana, na pwani yake upande wa kusini yakaonekana mabaki ya makao ya watu wa zamani. Mahali hapo huitwa Ohalo. Wataalamu hukadiria ya kwamba watu waliishi hapo yapata miaka 23,000 iliyopita. Palikuwa na jiwe, na katika uso wa jiwe hilo wataalamu walikuta chembe ndogo mno za wanga wa shayiri ya mwitu. Basi kabla mtu hajajua kulima shamba, alikuwa amekwisha kujua kusaga. Na bahari hiyo ndiyo ile ambayo Bwana wetu alitembea kando yake akiwaita wavuvi.

Nasi hapa nyumbani tunao ushahidi wetu. Karibu na Njoro, katika Bonde la Ufa, liko pango moja kando ya mto. Mwaka wa 1938 Mary Leakey na mumewe Louis Leakey walichimba katika pango hilo wakakuta mabaki ya watu waliozikwa humo yapata miaka 3,000 iliyopita, wakati ambao si mbali sana na siku za mfalme Daudi. Watu hao walikuwa wamezikwa pamoja na vyombo vyao, bakuli za mawe, na mawe ya kusagia na ya kupondea. Hatuyajui majina yao wala lugha yao. Lakini wale waliowazika waliona ya kwamba mtu na jiwe lake hawatenganishwi. Hata kaburini walimwachia jiwe lake. Hawakuwa na torati ya Musa mikononi mwao, walakini jambo hili walilifahamu.

Sasa twende Syria, kando ya mto Frati. Huko palikuwa na kijiji cha kale kiitwacho Abu Hureyra, kimojawapo cha vijiji vya kwanza vya wakulima duniani. Kilichimbwa mwaka wa 1972 na 1973, kabla ya bwawa jipya kukifunika kwa maji. Mifupa ya watu wa kijiji hicho ilichunguzwa na mtaalamu mmoja wa Uingereza, Theya Molleson, naye mwaka wa 1994 akaandika mambo aliyoyaona. Aliona mifupa mingi yenye vidole gumba vya miguu vilivyoharibika, magoti yenye alama za kuelemewa, na uti wa mgongo ulioumia sehemu ya chini. Naye akafahamu sababu yake. Hawa walikuwa watu waliopiga magoti siku baada ya siku, saa nyingi, vidole vya miguu vimekunjwa chini yao, wakisukuma jiwe mbele na nyuma. Na iliyo mingi katika mifupa hiyo ilikuwa ya wanawake.

Wapenzi wasikilizaji, tutulie kidogo juu ya neno hili. Maelfu ya miaka yamepita. Nyumba zao zimekuwa vumbi, nyimbo zao zimesahauliwa. Lakini mifupa yao ingali yasema: Sisi ndio tuliowalisha watu wa kijiji hiki. Mume alikula, watoto walikula, mgeni alikula, na gharama yake imeandikwa katika magoti ya mama. Misri nako, katika makaburi ya wakuu wa kale, ziko sanamu ndogo za wanawake waliopiga magoti mbele ya jiwe wakisaga. Mkuu alitaka kuhudumiwa hata baada ya kufa, kwa hiyo akamchukua msagaji pamoja naye. Wajenzi wa piramidi wanasifiwa katika kila shule. Wasagaji waliowapa mkate hawana jina.

Biblia yenyewe hailifichi jambo hili. Katika Kutoka 11:5, Mungu atakapo kutaja watu wote wa Misri tangu aliye juu mpaka aliye chini, aanza na Farao katika kiti chake, na amalizia na mjakazi aliye nyuma ya mawe ya kusagia. Huyo ndiye wa mwisho kabisa. Samsoni alipokamatwa na Wafilisti na kutobolewa macho, walimweka gerezani Gaza asage ngano, ili kumwaibisha. Katika Isaya 47, binti wa Babeli, aliyezoea kukaa kama malkia, aambiwa atwae mawe ya kusagia, maana fahari yake imekwisha. Kusaga ilikuwa kazi ya mtumwa, ya mfungwa, na ya mama wa nyumba ya kimaskini. Lakini sheria ya Mungu ilipokuja, ilikwenda moja kwa moja mpaka nyuma ya jiwe hilo, mahali ambapo wakuu hawakupatazama, ikasema: Hapa msiguse.

Kwa nini msiguse? Katika nyumba ya Mwisraeli nafaka iliwekwa ghalani, lakini unga haukuwekwa kwa muda mrefu, maana unga wa nafaka nzima huharibika upesi kuliko nafaka. Kwa hiyo walisaga kila siku unga wa siku hiyo. Alfajiri, kabla jua halijawa kali, sauti ya mawe ilisikika toka nyumba hata nyumba. Sauti hiyo ilikuwa dalili ya kwamba kijiji ki hai. Ndiyo sababu nabii Yeremia, katika sura ya 25, atakapo kuonyesha nchi iliyoharibiwa kabisa, asema ya kwamba sauti ya mawe ya kusagia itakoma na mwanga wa taa utazimika. Hapana kusaga, hapana kula. Hapana kula, hapana watu. Bwana wetu alitufundisha kuomba riziki ya kila siku, na waliomsikiliza walikuwa watu ambao kwao kila siku ilikuwa na kusaga kwake.

Sasa mnaweza kuona jambo ambalo Musa aliliona. Fikirini mwenye kudai anafika nyumbani kwa maskini. Jiwe la chini hawezi kulichukua, ni zito mno. Lakini la juu aweza kuliweka kwapani akaenda zake. Katika Waamuzi 9 twasoma habari za mwanamke wa Thebesi aliyekuwa na jiwe la juu huko kwenye mnara, akalitupa likamwangukia Abimeleki kichwani. Basi lilikuwa jiwe ambalo mama aliweza kulibeba. Mwenye kudai aondokapo na jiwe hilo aweza kujitetea akisema, Mimi sikuchukua kitu kikubwa. Nyumba nimeiacha, ng'ombe nimemwacha, hata jiwe lenyewe kubwa nimeliacha. Nimechukua kijiwe tu, mpaka atakaponilipa.

Ndugu zetu, jiwe la chini lisilo na la juu ni mwamba tu. Waweza kulikalia, huwezi kula kwalo. Jioni hiyo watoto watalala na njaa, na nafaka imo ghalani. Na tena hatuoni jinsi gani deni litalipwa. Mtu asiyekula hana nguvu za kulima, na asiyelima hana cha kulipa. Mwenye kudai hakupata fedha yake, wala jiwe lile halina faida kwake, maana analo lake nyumbani. Alilopata ni uwezo wa kumtesa mwenzake. Kwa hiyo Mungu alikataza.

Angalieni pia ya kwamba Mungu hakulifuta deni. Torati haisemi ya kwamba mkopaji asilipe. Mistari ya 10 hadi 13 ya sura hiyo hiyo yaonyesha njia nzuri ya kudai. Mwenye kudai asiingie ndani ya nyumba ya mkopaji kujichagulia rehani; na asimame nje, mkopaji mwenyewe amletee. Na kama mkopaji ni maskini, na rehani yake ni vazi lake la kujifunika usiku, basi arudishiwe kabla jua halijatua, apate kulala katika nguo yake. Mlango wa maskini wapewa heshima kama mlango wa tajiri. Deni li hai, na mkopaji naye abaki hai.

Miaka iliendelea na jiwe likabadilika. Yapata miaka 500 kabla ya kuzaliwa Kristo, watu wa Hispania walikuwa wameanza kutumia mawe mawili ya duara, la juu likizungushwa juu ya la chini kwa mpini wa mti. Baadaye mawe ya namna hiyo yakaenea mpaka nchi ya Wayahudi. Wanawake wawili waweza kukaa wakitazamana na kuzungusha jiwe moja pamoja, na picha ya namna hiyo twaiona katika Mathayo 24:41, Bwana wetu aliposema habari za wanawake wawili wasagao, mmoja akatwaliwa na mmoja akaachwa. Warumi nao walitengeneza mawe makubwa yaliyozungushwa na punda. Mawe ya namna hiyo yangaliko Pompeii, katika nyumba za waoka mikate zilizofunikwa na majivu ya mlima wa moto mwaka wa 79. Hata Kapernaumu, mji ambao Bwana wetu alikaa, mawe mengi meusi ya kusagia yamechimbuliwa. Katika Mathayo 18:6, pale Bwana asemapo habari za jiwe la kusagia kufungwa shingoni mwa mtu amkoseshaye mmoja wa wadogo wamwaminio, lugha ya Kiyunani yataja jiwe la punda. Hilo si jiwe la kuweka kwapani. Nasi twaona jambo la ajabu: anayewaonea wadogo, jiwe ambalo lingewalisha lamgeukia kuwa hukumu.

Kisha watu wakajifunza kuyatumia maji ya mto kuzungusha mawe. Mshairi mmoja wa Kiyunani, Antipater wa Thesalonike, mji ule ambao Mtume Paulo aliuandikia nyaraka mbili, aliisifu mashine ya maji kwa sababu moja kubwa, nayo ni kwamba iliwapa wanawake pumziko. Jambo hili latufurahisha. Mtu huyo alipoona mashine mpya hakuuliza kwanza itamletea faida gani. Alitazama mikono ya wasagaji.

Hapa Kenya nasi tuliiona siku hiyo. Mwaka wa 1908 Lord Delamere alianzisha kampuni ya kusaga unga. Katika miaka ya 1920 na 1930 mashine za maji zilijengwa kando ya mito ya Kenya ya kati na ya magharibi, na Waafrika wengi walishirikiana kuzijenga kwa fedha zao wenyewe. Wakati huo mahindi, ambayo asili yake ni bara la Amerika, yalikuwa yakichukua nafasi ya wimbi na mtama katika sehemu nyingi. Baadaye zikaja mashine za dizeli na za umeme, ambazo sote twaziita mashine za posho. Neno posho maana yake ni chakula apimiwacho mtu, kama walivyopimiwa wapagazi na vibarua. Katika Luka 12:42 Bwana Yesu asema habari za wakili mwaminifu awapaye watumishi posho yao kwa wakati wake. Basi kila mara mpelekapo debe la mahindi kwenye mashine, kumbukeni ya kwamba Mungu yu aweka wakili juu ya posho ya wengine, naye atamwuliza habari zake.

Leo magoti ya mama zetu yamepumzishwa na mashine ya posho, nasi twamshukuru Mungu. Lakini je, sheria ya jiwe la juu imekwisha kazi yake? La, wapenzi. Jiwe limebadilika sura, sheria haikubadilika. Jiwe la juu la fundi wa nguo ni cherehani. La kijana wa boda boda ni pikipiki yake. La mkulima ni jembe na mbegu alizoziweka kwa mvua ijayo. La mama auzaye maziwa ni yule ng'ombe mmoja. La mpishi wa kando ya barabara ni jiko na sufuria. Ni kile kitu kidogo ambacho kikiondoka, vyote vilivyobaki havina kazi.

Katika kazi yetu ya uchungaji tumeketi na mama mmoja mjane, ambaye hatutamtaja jina wala mahali pake. Alikuwa akipika githeri na uji na kuwauzia wajenzi. Alikopa katika kikundi cha akiba ili alipe karo ya mtoto. Kisha akaugua, na malipo ya miezi miwili yakakosekana. Wenzake wakaja kwake, nao walikuwa Wakristo, wengine wao waimbaji wa kwaya. Waliingia ndani, wakabeba sufuria mbili kubwa na jiko. Vyombo hivyo vikakaa chini ya kitanda cha mweka hazina majuma sita, vimefunikwa na vumbi. Bei yake isingefika hata robo ya deni. Mama akakosa fedha ya kila siku ambayo angeliilipia, na kikundi nacho kikakosa fedha yake. Mmoja wa wale waliobeba alituambia, Mchungaji, deni ni deni. Tukamjibu, Kweli, deni ni deni. Lakini sufuria zikilala kwa mweka hazina, ni nani atakayelipa? Wakakaa kimya. Baada ya mazungumzo marefu walizirudisha, wakaandikiana ya kwamba atalipa kidogo kila siku ya soko. Naye alilipa, haba na haba, mpaka shilingi ya mwisho. Siku aliyomaliza, mweka hazina ndiye aliyempigia makofi ya kwanza.

Yafaa tujue pia ya kwamba sheria ya nchi yetu imelifuata neno hili la Musa. Sheria ya Kenya ya kesi za madai, katika kifungu cha 44, yasema ya kwamba hata mahakama ikitoa amri mali ya mdaiwa ikamatwe, viko vitu visivyokamatwa, navyo ni pamoja na nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na jamaa yake, na zana za kazi yake kwa mipaka iliyowekwa. Basi ikiwa hakimu mwenye nguvu zote za serikali amekatazwa kugusa sufuria ya mjane, je, ndugu katika Kristo ataichukua bila hata amri ya hakimu?

Liko jambo jingine, nalo ni chungu zaidi. Mara nyingine mwenye kuliweka jiwe rehani si mtu wa nje, ni mwenye nyumba mwenyewe. Mume achukua fedha za mkewe za kusagia akaenda nazo kwenye ulevi. Mwingine apeleka hati ya shamba kukopa fedha, na mama na watoto hawana habari mpaka siku waonapo watu wakipima kiwanja. Tangu mwaka wa 2012 sheria ya ardhi yataka mke au mume akubali kabla nyumba ya jamaa haijawekwa rehani. Ni sheria njema. Lakini sahihi iliyotolewa kwa vitisho si kukubali. Enyi waume, Mungu aliyelilinda jiwe la maskini mbele ya mwenye kudai, je, hataliuliza mbele ya mume?

Basi tufanye nini? Kwanza, kila kikundi cha akiba katika makanisa yetu na kiandike katika kanuni zake vitu ambavyo havitachukuliwa kamwe, na vyombo vya kupikia na vya kazi viwe vya kwanza. Afadhali kanuni iandikwe siku ya amani kuliko siku ya hasira. Pili, tukidai, tusimame nje ya mlango. Tumwite mdaiwa kwa adabu, tumsikilize, tumpangie malipo ayawezayo. Tatu, wewe uliyekopa, usijifiche nyuma ya neno hili. Mungu amelilinda jiwe lako ili usage, si ili ulale. Mwenye jiwe asiyelipa amwibia jirani aliyemwamini. Nne, wazee wa kanisa na wachungaji, tuulize kila tuwatembeleapo watu: Je, katika nyumba hii sauti ya kusaga yasikika? Ikiwa imenyamaza, tusingoje kuambiwa mara ya pili.

Mwisho, wapenzi, na tulitazame deni letu sisi sote. Sisi tulikuwa wadaiwa mbele za Mungu, na deni letu lilikuwa kubwa kuliko lolote liandikwalo katika kitabu cha mweka hazina. Angeweza kuingia ndani na kututwalia uhai wetu, naye angekuwa na haki. Lakini katika Wakolosai 2:14 Mtume Paulo atufundisha ya kwamba Mungu aliitwaa hati ya deni iliyotushitaki akaigongomea msalabani. Rehani iliyotolewa ni Mwana wake mwenyewe. Yeye hakutuachia nyumba yenye mwamba usiosaga. Alituachia uhai, na uhai tele. Kila tukaribiapo Meza ya Bwana twapokea mkate, na hapana mkate usiotokana na nafaka iliyosagwa. Je, mtu aliyekwisha kula mkate huo aweza kutoka kanisani na kwenda kubeba jiko la jirani yake?

Juma hili, kabla hamjalala, kila mmoja na atafute kama kuna jiwe la mtu chini ya kitanda chake. Kama liko, na alirudishe kabla jua halijatua.

Na tuombe.

Ee Mungu Mwenyezi, Baba wa mayatima na mwamuzi wa wajane, wewe uliyewaona watumwa nyuma ya mawe ya kusagia na kuwawekea sheria: tufundishe kudai kwa haki na kulipa kwa uaminifu. Wabariki leo wote wanaosaga, wanaopika na wanaolisha wengine. Iponye migongo yao na magoti yao. Utupe sisi sote riziki yetu ya leo, wala usituache tuile peke yetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.